Picha ya Bibi Seacole

Katika mji wa London iko nyumba iitwayo National Portrait Gallery, nayo ni nyumba ya taifa ya kutunzia sura za watu. Ilianzishwa mwaka wa 1856. Walioianzisha hawakutaka hasa kuonyesha ufundi wa wachoraji. Walitaka kuweka mahali pamoja sura za watu waliopata sifa katika habari za Uingereza, hata kama aliyewachora hakuwa fundi mkubwa. Basi humo wamo wafalme na malkia, majemadari, maaskofu, mabaharia na waandishi wa vitabu, na wengine wamechorwa katika picha kubwa kupita mlango. Na kati ya hizo imo picha moja ndogo mno. Urefu wake ni sentimeta 24, na upana wake sentimeta 18. Mwanafunzi akisimamisha daftari lake juu ya dawati, ataona karibu ukubwa wa picha hiyo.

Picha hii haikuchorwa juu ya kitambaa kama picha nyingi za Ulaya, bali juu ya ubao mwembamba, kwa rangi zilizochanganywa na mafuta. Aliyeichora ni kijana wa London, jina lake Albert Charles Challen, naye aliichora mwaka wa 1869, umri wake haujafika miaka 23. Hakuwa mchoraji mwenye sifa, wala hakupata kuwa. Na kama si picha hii, yamkini leo hakuna ambaye angemtaja.

Aliyechorwa ni mwanamke mtu mzima, umri wake yapata miaka 64, rangi yake maji ya kunde. Mchoraji hakumpaka weupe asiokuwa nao, wala hakumpunguzia miaka. Uso ameugeuza upande. Hamtazami mtu amtazamaye, ila macho yake yaelekea mbali, kana kwamba anangoja mtu fulani afike. Shingoni amefunga leso nyekundu, na rangi hiyo ndiyo inayovuta jicho kwanza. Jicho likishuka kidogo laona jambo la pili: kifuani zinaning'inia nishani tatu.

Nishani ni vipande vya madini ambavyo serikali huwapa askari kwa ajili ya ushujaa, au kwa kuwako kwao vitani. Katika miaka ile mwanamke kuvaa nishani lilikuwa jambo la kushangaza, na mwanamke mweusi zaidi. Basi mtu huyu ni nani, na nishani hizo alizipata wapi? Swali la kwanza lina jibu kamili. La pili halina, kama itakavyoonekana mbele.

Jina lake ni Mary Seacole. Alizaliwa mwaka wa 1805 katika mji wa Kingston, kisiwani Jamaica, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kisiwa hicho siku zile kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Baba yake alikuwa askari kutoka Scotland. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi, tena huru. Neno hilo "huru" lisipitwe upesi. Watu weusi walio wengi wa Jamaica walikuwa watumwa, wana wa watu waliokamatwa Afrika na kupandishwa merikebuni kwa nguvu ili wakalime miwa. Sheria ya kuwafungua ilianza kazi mwaka wa 1834, na uhuru kamili wakaupata mwaka wa 1838. Kwa hiyo Mary, ingawa mwenyewe hakuwa mtumwa, alikua na kuwa mtu mzima katika nchi ambayo watu wa rangi ya mama yake walinunuliwa na kuuzwa.

Mama huyo alikuwa na nyumba ya wageni, na zaidi ya hayo alikuwa mganga aliyeaminiwa na watu. Maofisa na mabaharia waliougua homa walikuja kukaa kwake, naye akawatibu kwa dawa za miti na majani, na kwa chakula chema na usafi. Mary akamwangalia mama yake kwa makini sana. Alikuwa na mtoto wa bandia, na kila ugonjwa ulioingia mjini ulimpata na mtoto huyo, naye akauguzwa mpaka akapona. Baada ya mtoto wa bandia wakafuata mbwa na paka wa nyumbani, ambao hawakuulizwa kama wanataka dawa. Kisha Mary akazionja dawa mwenyewe. Alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi, akawa msaidizi wa mama yake katika kazi.

Mwaka wa 1836 akaolewa na Bwana Edwin Seacole, mtu dhaifu wa mwili. Mwaka wa 1843 moto mkubwa ukateketeza sehemu ya mji wa Kingston, na nyumba yao ya wageni ikaungua pamoja na nyingine. Wakajenga upya. Mwaka uliofuata mumewe akafa, na baadaye kidogo mama yake pia. Bibi Seacole akabaki na kazi yake. Mwaka wa 1850 kipindupindu kikaingia Jamaica, kikaua watu maelfu kwa maelfu. Na mwaka wa 1851 alipokwenda Panama kumtembelea ndugu yake katika mji mdogo wa Cruces, kipindupindu kikamkuta huko tena. Mji ule haukuwa na daktari wa kufaa. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba usiku na mchana. Matajiri walimlipa, maskini aliwatibu bure.

Isidhaniwe kwamba dawa zake zote zilikuwa njema. Maji yaliyochemshwa na mdalasini, aliyowanywesha wagonjwa, yalifaa, maana leo yajulikana ya kwamba mwenye kipindupindu hufa kwa kukaukiwa na maji mwilini, na dawa yake kubwa ni kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari. Lakini alitumia pia dawa za zebaki na risasi, kama walivyofanya madaktari wengi wa zama zake, nazo ni sumu. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba mambo mengine aliyoyatenda mwanzoni yalimtia hofu alipoyakumbuka.

Huko Cruces lilitokea jambo moja linaloeleza tabia yake kuliko maneno mengi. Wamarekani waliokuwa wakipita katika mji ule walifanya karamu ya sikukuu yao ya taifa, na mmoja wao akasimama kumsifu Bibi Seacole kwa kazi yake. Alimsifu kwa namna ya ajabu: alisikitika kwamba bibi huyu hakuumbwa mweupe kabisa, akasema kama ingewezekana kumfua rangi yake wangeifua, ili apokewe katika kila jamii ya watu. Yule bwana alidhani amesema neno jema. Bibi Seacole akasimama akajibu kwa upole. Alisema kwamba hata kama ngozi yake ingekuwa nyeusi kupita watu wote, angekuwa na furaha ileile na manufaa yaleyale, na wale ambao heshima yao aithamini wangemheshimu vilevile; na kuhusu kupokewa katika jamii ya watu wa namna ile, hakuona kwamba amepungukiwa na kitu. Kisha akawatakia Wamarekani watengeneze adabu zao. Aliyaandika haya mwenyewe, na mtu akiyasoma huelewa kwa nini picha ya mwaka wa 1869 inapendeza kwa kuwa mchoraji aliiacha rangi ya uso kama ilivyokuwa.

Mwaka wa 1853 vita vikaanza kati ya Urusi na Uturuki, na mwaka wa 1854 Uingereza na Ufaransa zikajiunga upande wa Waturuki. Majeshi yakapelekwa Crimea, rasi iliyo kaskazini mwa Bahari Nyeusi, kuuzingira mji wa Sevastopol. Habari zikafika Uingereza kwamba askari wanakufa kwa maradhi kuliko kwa risasi, wakilala matopeni bila dawa. Bibi Florence Nightingale akatumwa na wauguzi wake kwenda Scutari, karibu na mji wa Constantinople, ambao sasa ndio Istanbul. Bibi Seacole akasafiri mpaka London ajitoe kwa kazi hiyo. Alikuwa na ujuzi wa kipindupindu na wa homa ya manjano, na barua za kushuhudia kazi yake.

Akaenda ofisi ya mambo ya vita, hakupokewa. Akaenda kwa waliochagua wauguzi wa kumfuata Bibi Nightingale. Akaambiwa nafasi zimejaa, naye akaona usoni mwa mwenye kusema kwamba hata kama nafasi ingekuwapo asingeipata yeye. Akajaribu mfuko uliokusanywa na watu kwa ajili ya askari. Huko nako vivyo hivyo. Jioni moja ya baridi, giza likiingia, alisimama barabarani akalia, akajiuliza kama watu hao walikuwa wakiikataa damu yake kwa kuwa ilitiririka chini ya ngozi nyeusi kuliko yao. Mtu hawezi kusema kwa hakika yaliyokuwa mioyoni mwa kila aliyemkataa. Walakini mwanamke mwenye maarifa kama yake, katika wakati ambao wenye maarifa walitafutwa, alirudishwa mlangoni mara baada ya mara.

Basi akaamua kwenda kwa fedha zake mwenyewe. Alishirikiana na Bwana Thomas Day, jamaa ya marehemu mumewe, wakanunua bidhaa, na mwanzoni mwa mwaka wa 1855 akasafiri. Njiani alipita Scutari, akaonana na Bibi Nightingale, naye akapewa mahali pa kulala usiku ule. Kesho yake akaendelea mpaka bandari ya Balaclava. Huko, kati ya bandari na kambi za jeshi, alijenga nyumba kwa mbao zilizookotwa majini, masanduku yaliyobomolewa na mabati. Akaiita British Hotel. Ilikuwa duka, tena nyumba ya kula, tena mahali pa kuponyea. Mbele aliuza buti, blanketi, sabuni, nyama, kahawa na vileo. Na asubuhi alipokea wenye kuhara, wenye homa, wenye vidole vilivyoumwa na barafu. Mwenye fedha alilipa, asiye nazo alipewa dawa akaenda zake. Askari wakaanza kumwita Mama Seacole, na jina hilo halikumtoka tena.

Siku za mapigano alipakia nyumbu dawa, vitambaa vya kufungia majeraha na chakula, akaenda uwanjani kwenyewe. Katika mapigano ya mto Tchernaya, mwezi wa Agosti 1855, aliwahudumia majeruhi bila kubagua, Warusi pamoja na wenzao. Mrusi mmoja alikuwa na risasi katika taya. Bibi Seacole akatia kidole kinywani mwake aitoe, na yule mtu, katika uchungu wa kukata roho, akafunga meno juu ya kidole. Kovu lake alibaki nalo. Sevastopol ulipoanguka mwezi wa Septemba, naye aliingia mjini moshi ungali ukifuka.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mwezi wa Machi 1856. Kila mtu alifurahi, na ilikuwa haki. Lakini ghala la Bibi Seacole lilikuwa limejaa bidhaa, na wanunuzi wake walikuwa wakipanda merikebu kurudi kwao. Akauza kwa bei ya hasara, vingine akaviacha, akarudi London na madeni. Kabla mwaka huo haujaisha alitangazwa kuwa amefilisika. Hapo askari waliomjua wakaandika katika magazeti, na mwezi wa Julai 1857 ikafanywa tamasha ya siku nne, yenye wapiga muziki na waimbaji karibu 1,000, ili apatiwe fedha. Umati mkubwa ulikuja. Lakini kampuni ya uwanja ule nayo ilikuwa mbioni kufilisika, na yeye akapokea paundi 57 tu. Mwaka uleule alitoa kitabu cha maisha yake, kiitwacho Wonderful Adventures of Mrs Seacole in Many Lands, nacho kikasomwa sana. Mwaka wa 1867 mfuko wa kumsaidia ukafunguliwa tena, safari hii kwa kibali cha Malkia Victoria, akapata kuishi bila dhiki.

Huyu ndiye aliyeketi mbele ya kijana Challen mwaka wa 1869.

Sasa ile habari ya nishani. Orodha za serikali za watu waliopewa nishani za vita vile zimepekuliwa, na jina lake halimo. Wapo wasemao kwamba hakustahili kuzivaa. Lakini mwaka wa 1871 Gleichen, mpwa wa Malkia Victoria, alichonga sanamu ya kichwa na kifua cha Bibi Seacole, naye akamchonga na nishani zake. Mchongaji huyo alikuwa ofisa wa manowari aliyekuwako Crimea, na mtu kama yeye alijua vema nishani ni kitu gani. Huenda zilitolewa bila kuandikwa, huenda marafiki walimpa, huenda alizinunua mwenyewe kwa kuwa aliona kwamba alikuwako kama walivyokuwako wengine. Challen hakuandika neno. Alichora alichokiona kifuani.

Si kila mtu alimpenda. Mwaka wa 1870 Bibi Nightingale aliandika barua ya siri kwa shemeji yake. Alikubali kwamba Bibi Seacole aliwatendea askari wema, na kwamba alifanya mambo mazuri. Lakini akasema pia kwamba aliwalevya wengi, na hakutaka wauguzi wake wachanganyike naye. Neno hilo si la kutupwa. Vileo viliuzwa katika nyumba ile, na pombe ilikuwa imewaharibu askari wengi. Pamoja na hayo yapasa kukumbuka kwamba mmoja alikuwa na hospitali iliyolishwa na serikali, na mwingine, aliyekataliwa na serikali hiyo, alikuwa na duka ambalo lilipaswa kumlisha yeye na wagonjwa wake wasiolipa.

Alifariki London tarehe 14 Mei 1881, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki huko Kensal Green. Mwaka huohuo Challen naye akafa, kijana bado. Kisha ukafuata usahaulifu wa ajabu. Wauguzi wa Jamaica waliendelea kulitaja jina lake, na mwaka wa 1954 waliiita nyumba ya chama chao kwa jina hilo. Lakini katika Uingereza, ambako alipigiwa vigelegele na umati, watoto walisoma shuleni habari za Bibi Nightingale peke yake. Kaburi lilifunikwa na majani mpaka lilipotengenezwa mwaka wa 1973. Kitabu chake hakikuchapwa tena huko mpaka mwaka wa 1984.

Na picha je? Picha ilipotea, wala waliokuwa wakiandika habari zake hawakujua kwamba iliwahi kuwako. Mtu fulani alikuwa na picha nyingine ya karatasi, ya kuchapwa, akataka kuitia katika fremu. Fremu huhitaji ubao mgumu wa kuegemeza karatasi kwa nyuma. Akaona ubao mdogo, akautumia, uso wa Bibi Seacole ukageuzwa ndani na kufunikwa na karatasi ile. Asiyekujua hakuthamini. Miaka mingi watu walioitazama picha ya mbele hawakuona ya nyuma.

Mwanzoni mwa karne hii ya 21, mfanya biashara mmoja wa vitu vya kale aliinunua fremu ile katika jimbo la Oxfordshire kati ya vitu vilivyotumika. Alipogeuza akaona nyuma ya ubao jina la Challen na mwaka wa 1869. Akaona ajabu, akaifungua, na tazama, mwanamke mweusi mwenye leso nyekundu na nishani tatu. Hakujua ni nani. Aliyejua alikuwa Helen Rappaport, mwandishi wa historia, ambaye wakati ule alikuwa akichunguza habari za wanawake wa vita vya Crimea. Alimtambua, akainunua picha, kisha akaiazima nyumba ile ya London tuliyoanza nayo. Ikaonyeshwa kwa watu mwaka wa 2005, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwa Bibi Seacole. Mwaka wa 2006 posta ya Uingereza ilichapa stampu yenye sura hiyo, na barua zikasafiri naye pembeni. Mwaka wa 2008 nyumba ile ikainunua picha iwe mali yake.

MASWALI. 1. Picha za fahari huchorwa kubwa, lakini hii ni ndogo. Taja vitu viwili ambavyo mchoraji alivitumia ili jicho lisiipite. 2. Eleza kwa maneno yako jibu la Bibi Seacole katika karamu ya Cruces. 3. Orodha za serikali hazina jina lake, lakini sanamu ya Gleichen ina nishani. Ungeamini ushahidi upi, na kwa nini? 4. Kama ubao usingeandikwa jina la mchoraji kwa nyuma, yamkini nini kingeupata?